Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi ya kwanza kwa anayeanza kupiga picha wanamitindo

Anayeanza na DSLR ya Canon (kamera yenye kioo cha ndani na lenzi za kubadilisha) huwa na lenzi moja tu, ile ya 18-55mm iliyokuja kwenye boksi. Akimsimamisha mwanamitindo ndani ya nyumba, picha zinajaa chenga, na nyuma yake kila kitu kinaonekana hadi soketi ya ukutani. Ushauri atakaopewa na karibu kila mtu ni kununua 50mm f/1.8, na ni ushauri mzuri. Kinachokosekana ni maelezo ya namna ya kuitumia, ndiyo maana wengi wanaifungua hadi 1.8 siku ya kwanza (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni pana), wanakosa fokasi picha baada ya picha, kisha lawama zote zinaiangukia lenzi.

Toleo hili la STM (jina la aina ya mota yake ya fokasi) lilitoka mwaka 2015 likachukua nafasi ya lile la II la mwaka 1990. Lina uzito wa gramu 160 hivi. Kitako chake ni cha chuma, wakati cha toleo la zamani kilikuwa cha plastiki. Mabamba yanayofunga tundu ni 7 badala ya 5, kwa hiyo taa zilizo nyuma ya mtu zinatoka karibu na duara hata ukifunga tundu kidogo. Linalenga kuanzia sentimita 35, na filta yake ni ya milimita 49. Halina kituliza mtetemo, jambo linalogusa kasi ya shata (kipazia kinachofunguka kwa muda mfupi kupitisha mwanga) kama itakavyoonekana hapo chini.

Faida kubwa kuliko zote ni mwanga. Lenzi ya 18-55mm ikivutwa hadi 55 haifunguki zaidi ya f/5.6. Kwa f/1.8 mwanga unaoingia ni karibu mara 10 ya huo: palipokulazimu ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga, unaoleta chenga ukipanda) ya 3200, sasa inatosha ISO 320 hivi. Hata kwa f/2.8 mwanga ni mara 4, yaani ISO 800, na ngozi ya mtu kwa ISO 800 ina rangi zake zote.

Sasa tuje kwenye f/1.8 yenyewe. Kwa kamera ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ya fremu nzima, iliyomo kwenye DSLR nyingi za kuanzia), ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mwanamitindo, eneo linaloonekana kali ni sentimita 6 tu: 3 mbele ya ulipolenga na 3 nyuma yake. Akikutazama moja kwa moja, macho yote mawili yako mstari mmoja, ncha ya pua inagusa mpaka wa mbele, na masikio yameshazama kwenye ukungu. Hiyo bado ni picha nzuri. Mwambie ageuze kichwa upande kwa nyuzi 45. Kutoka mboni hadi mboni ni kama sentimita 6, kwa hiyo jicho la mbali limerudi nyuma sentimita 4 na ushee, nje kabisa ya eneo. Kope za jicho la karibu utazihesabu moja moja, lile la pili limekuwa kama limelowa maji. Kwenye skrini ndogo ya kamera hutaliona kosa hilo. Utaliona kwenye kompyuta, mwanamitindo ameshaondoka.

Kwa f/2.8 eneo hilo linafika sentimita 9 na nusu, na jicho la mbali linaingia, ingawa kwa shida. Kwa f/4 ni sentimita 14, unapumua. Tena kioo cha lenzi chenyewe kinakuwa kikali zaidi: kwa 1.8 katikati kuna ukali wa kutosha lakini picha ni laini na imefifia kidogo, na kuanzia f/2.8 tofauti inaonekana wazi. Kwa hiyo tundu la kazi la lenzi hii kwa nyuso ni f/2.8. Iache 1.8 kwa mwanga hafifu, au kwa picha ya nusu mwili ukiwa mita 2 na nusu, ambako eneo kali ni sentimita 17. Ukungu wa nyuma hutaupoteza. Msogeze mwanamitindo mita 2 au 3 mbele ya ukuta, f/2.8 itaulainisha ukuta huo vizuri. Anayemwegemeza mtu ukutani kisha akafungua 1.8 ili ukuta upotee anapoteza jicho, na ukuta anabaki nao.

Kwa fokasi, weka nukta moja na uipeleke mwenyewe juu ya jicho lililo karibu na kamera. Ukiiachia kamera ichague, itachukua kilicho mbele zaidi, mara nyingi pua au mkono. Vilevile acha tabia ya kulenga kwa nukta ya katikati kisha kugeuza kamera ili kupanga fremu. Ukigeuza nyuzi 10 kwa umbali wa mita 1.5, fokasi inaangukia sentimita 2 hivi nyuma ya jicho, na kwa f/1.8 ulikuwa na 3 tu. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinazotambua jicho zimeondoa tabu hii, na kwenye zile za Canon za mfumo wa R lenzi hii inafanya kazi vizuri kwa adapta ya EF kwenda R.

Baadhi ya lenzi na kamera hazipatani kikamilifu, fokasi inaangukia mbele au nyuma kila mara. Ulaze rula mezani, kamera juu ya tripodi ikiitazama kwa nyuzi 45, lenga mstari mmoja kwa f/1.8 kupitia kichungulio, kisha rudia kwa kulenga kupitia skrini. Picha hizo mbili zikitofautiana mara tano mfululizo kwa upande uleule, una tatizo, na kamera nyingi za kuanzia hazina menyu ya kulirekebisha. Rudisha lenzi mapema ubadilishiwe, au lenga kwa skrini.

Pengine zawadi kubwa zaidi ya lenzi isiyovutika ni kwamba miguu inaanza kujifunza. Kwenye APS-C, kamera ikiwa wima, mwili mzima wa mtu mzima pamoja na nafasi kidogo juu na chini unahitaji mita 4 na nusu. Kiuno kwenda juu ni mita 2. Kichwa na mabega, mita 1.3 hivi. Ongeza mita 2 za nyuma ya mwanamitindo na nusu mita ya kusimama wewe, utaona mwili mzima unadai chumba cha mita 7. Kwenye sensa ya fremu nzima umbali unapungua: mita 2.8 kwa mwili mzima, na kichwa na mabega sentimita 80 tu. Hapo pana mtego. Kwa sentimita 80 pua inakua na masikio yanarudi nyuma, mtu hajitambui. Baki mita 1.5 hata kwa fremu nzima, ukate picha baadaye.

Umbali huo unaamua pia jinsi ya kuongea na mtu. Kwa mita 4 na nusu sauti ya chini haifiki, na mwanamitindo mgeni akiona umenyamaza nyuma ya kamera anaanza kudhani amekosea. Mwambie kinachofuata kabla hajaganda: uzito kwenye mguu wa nyuma, bega la mbele lishuke, mkono usibanane na mwili. Kwa uso, maelekezo yanayofaa kuliko yote ni kusukuma kidevu mbele kama kobe anayechungulia, kisha kukishusha kidogo. Yeye atajiona kituko, lakini kwenye picha mstari wa taya unatoka safi na ngozi ya chini ya kidevu inanyooka. Mwonyeshe picha moja, hatasita tena. Ukiwa mita 1.3 umeingia kwenye nafasi yake binafsi: mwarifu kabla hujasogea. Nywele au kola ikihitaji kurekebishwa, onyesha kwa mwili wako mwenyewe aifanye yeye. Ukilazimika kumgusa, omba kwanza.

Yale ya kabla ya siku yanaandikwa: picha ngapi zilizosafishwa atapata na lini, zitatumika wapi, kuna malipo au mnabadilishana kazi kwa picha, atabadilishia nguo wapi. Mwambie aje na mtu akipenda. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie saini na awepo. Wanamitindo huulizana kuhusu wapiga picha, na ahadi ya picha 10 kwa wiki mbili ikitimia inakuletea wengine.

Mpangilio wa kwanza unaoifaa lenzi hii ni dirisha moja lisilopigwa na jua la moja kwa moja. Zima taa zote za ndani, la sivyo upande mmoja wa uso utakuwa wa bluu na mwingine wa machungwa. Mwanamitindo akae mita 1 kutoka dirishani, mwanga umfikie kwa mshazari, na upande wa kivuli weka ubao mweupe au shuka jeupe karibu naye uwezavyo bila kuingia kwenye fremu. Tundu f/2.8, shata 1/200 ya sekunde, ISO iwe otomatiki na kikomo 3200, faili za RAW (ghafi, za kusafishwa baadaye kwenye kompyuta). Ile 1/200 ni kwa sababu mbili: lenzi haitulizi mtetemo, na mtu aliyesimama huyumba hata akijiona ametulia. Kwa 1/60 picha nyingi zinaharibika kidogo tu, kiasi cha kukufanya udhani ni fokasi.

Nje mchana kuna kosa jingine. Jua kali kwa f/1.8 na ISO 100 linahitaji shata ya 1/8000, wakati kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Picha inaungua, paji la uso linakuwa jeupe tupu. Kwa f/2.8 inatosha 1/3200. Afadhali zaidi, mpeleke kwenye kivuli cha jengo akitazama upande wenye anga wazi.

Kasoro za lenzi zipo. Kwenye mwanga hafifu, ukilenga nguo nyeusi isiyo na mchoro, inakwenda mbele na nyuma ikitafuta. Tafuta ukingo wenye tofauti ya mwanga, kama mstari wa kope. Kwa 1.8, hereni zinazong'aa na kola nyeupe dhidi ya mwanga zinapata uzi wa zambarau, unaopungua sana ukifika f/4. Ukipiga picha ukielekea kwenye mwanga bila kikinga-jua ES-68, kinachouzwa peke yake, rangi zinafifia. Pete ya fokasi inaendeshwa na mota, kwa hiyo kamera ikiwa imezimwa kuizungusha hakufanyi kitu. Mrija wa mbele hutokeza nje unapolenga karibu, na ukizima kamera ukiwa nje unaweza kubaki hivyo. Usiusukume kwa kidole. Washa kamera, lenga kitu cha mbali mrija uingie, ndipo uzime na kuweka begini.

Ukinunua iliyotumika, huo mrija ndio wa kukaguliwa kwanza: uutikise taratibu, kisha lenga kutoka sentimita 35 hadi mbali mara kadhaa ukisikiliza kama unakwama. Mulika tochi kupitia nyuma ya lenzi. Vumbi kidogo si neno, nyuzinyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, iache. Mwenye kamera ya mfumo wa R asiye na lenzi za EF achukue RF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020 asihangaike na adapta, ila akumbuke kwamba hiyo haiingii kwenye DSLR. Na mwenye APS-C ambaye chumba chake hakifiki mita 4, na anataka nguo ionekane kuanzia kola hadi viatu, aanze na EF-S 24mm f/2.8 STM: mwili mzima atauchukua kwa mita 2 na robo hivi, na hii ya 50mm ataifuata siku atakapopata nafasi ya kurudi nyuma.