Nilienda kununua mti mpya, muuza maua akanikatalia

Jamani nina mti wa fikasi, ile ya majani madogo ya kung'aa, nimekaa nao Moshi miaka minne mpaka umenipita urefu. Mwezi wa saba tukahamia Arusha, tukaupakia kwenye kirikuu na makochi, upepo ukaupiga kilomita kama 80 zote mpaka Njiro, tulipofika nikaubana kona ya tivii kwa sababu ndo panapopendeza. Wiki haijaisha kila asubuhi nafagia majani utadhani naishi chini ya mwembe. Na ulikuwa umeshajirefukia vibaya toka Moshi, shina tupu halafu kichwani kijani kidogo, kama ufagio umesimamishwa.

Nikaenda kwa jamaa mmoja anauza miche barabarani huku huku Njiro, nikamwambia nataka mwingine. Akaomba kuona picha, akaikuza kwenye simu, akasema dada huo haujafa, umesusa tu, ukinunua mwingine nao utaususisha hivyo hivyo. Muuzaji gani anakataa hela? Akakubali kuja nyumbani, elfu kumi na boda juu yangu. (Alisema saa nne akafika saa tisa, hapo nimetoa nyota moja na sirudishi.)

Kitu cha kwanza akazamisha kidole kwenye udongo, kikatoka na tope. Kumbe kila jani likidondoka mimi namwagilia kwa huruma, na Arusha mwezi wa saba ni baridi na mawingu, maji hayakauki, mizizi inakosa hewa. Akasema nisimwagilie mpaka kidole kitoke kikavu. Akausogeza dirishani nyuma ya pazia jepesi, sio nje juani maana majani yaliyozoea kivuli yanaungua, na niugeuze robo kila wiki usiinamie upande mmoja. Chungu kikubwa na samadi nilishanunua, akasema hivyo weka stoo kwanza. Na ile fito niliyoufungia akailegeza, eti niwe nalitikisa shina kidogo, lisipotikisika halinenepi.

Nilitaka akate kichwa siku hiyo hiyo, akagoma mpaka uache kupukutika. Akarudi mwezi wa tisa jua limeshaanza kutoka, akaondoa kama theluthi ya juu, amekata juu kidogo ya jicho, pale panapochipukia. Hapo sasa maziwa ya mti, ule utomvu mweupe, yakatiririka, anafuta na tishu huku yanadondokea kochi langu, doa lipo mpaka leo, na mkono ukaniwasha jioni nzima kwa sababu hakunionya nisiyashike. Nilikuwa naitoa nyota ya pili kabisa ila wiki tatu baadaye nikaona vichipukizi vitatu chini ya alipokata, vidogo kama punje ya mchele, leo vina majani.

Nyota nne. Mkimwita tandikeni nailoni kwenye makochi, na akisema saa nne nyie endeleeni tu na shughuli zenu.