Seti ya kutengenezea nukta za kwanta ndani ya maji: darasani inafaa, kwa seli hai bado

Duka moja la vifaa vya maabara katikati ya jiji la Mwanza limeanza kuuza seti ya kutengenezea nukta za kwanta za kadimiamu na teluriamu, yaani chembe zenye upana wa nanomita chache tu ambazo hutoa mwanga wa rangi kali zinapomulikwa kwa taa ya urujuanimno. Boksi lake limeandikwa kwamba nukta hizo ni za kupigia picha seli zilizo hai. Nimeitumia pamoja na wanafunzi wangu wa maabara. Kazi ya kutengeneza naisifu, lakini hayo maandishi ya kwenye boksi nina neno nayo.

Ndani mna kadimiamu kloridi, sodiamu teluraiti, sodiamu sitreti, sodiamu borohaidraidi na asidi ya mekaptopropioniki. Uzuri wa mchanganyiko huu ni kwamba teluraiti haiharibiwi na hewa, kwa hiyo hauhitaji mtungi wa naitrojeni, ambao kwa maabara nyingi za kanda yetu ni kikwazo kikubwa kuliko kemikali zenyewe. Kila kitu huyeyushwa katika maji yaliyoondolewa madini, kisha huchemshwa katika chupa yenye kipozeo juu yake ili mvuke urudi chini. Kadiri yanavyochemka ndivyo nukta zinavyokua, na rangi hufuata ukubwa: zilizo ndogo hung'aa kijani, zikikua huwa za njano, za machungwa, na mwishowe nyekundu. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kugundua na kutengeneza nukta za aina hii, na mwanafunzi anaiona kanuni yake kwa macho kabla hajaandika mlinganyo hata mmoja. (Asidi ya mekaptopropioniki inanuka vibaya mno, asiye na kabati la kufyonza hewa asiifungue.)

Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa na mtu aliyezoea maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi. Ukuaji wa nukta unakuwa wa polepole zaidi, na anayefuata muda uliochapishwa atazima jiko akiwa bado na rangi ya njano huku kijitabu kikimwahidi nyekundu. Ni afadhali kuchota tone kila baada ya muda, kulimulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365, na kuiacha rangi iamue.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba hatukuhitaji darubini ya gharama. Ile ya mwanga wa LED wa buluu, inayotumika kuchunguza makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, iliziwasha nukta za kijani na nyekundu kwa pamoja, kwa sababu taa moja huziamsha zote, na mwanga wake haukufifia upesi kama wa rangi za kawaida za maabara.

Sasa kuhusu seli hai. Nukta hizi hubaki zimetawanyika majini kwa sababu ya utando wa asidi ile ile inayonuka, nao utando huo hubanduka pale mazingira yanapokuwa na uchachu. Seli huzimeza nukta ndani ya vifuko, na vifuko hivyo huishia kwenye laisosomu, yaani sehemu ya seli inayomeng'enya vitu, ambako pH (kipimo cha uchachu) hukaribia 4.5; hapo utando huachia, nukta hushikamana, na kadimiamu huanza kuvuja. Picha zetu za mwanzo zilipendeza, lakini seli zilizoachwa na nukta usiku kucha zilikuwa zimeviringana na kubanduka kwenye sahani. Watafiti waliozitumia nukta kwenye picha za kibiolojia mwaka 1998 walikuwa wamekivika kiini cha nukta gamba la madini mengine kabla ya kitu chochote, na seti hii haina gamba. Kwa seli zilizokwisha kukaushwa kwenye kioo, sina malalamiko.

Kijitabu pia hakisemi lolote kuhusu mabaki, na hilo ndilo kosa lake kubwa zaidi. Kadimiamu ikimwagwa kwenye sinki mwisho wake ni ziwani, na maji ya kunywa ya jiji hili huvutwa ziwani, ikiwamo kwenye chanzo cha maji cha Capri Point. Nunueni dumu lenye kifuniko kabla ya kununua seti, liandikwe, na likabidhiwe kwa wenye kibali cha kushughulikia taka za sumu.

Mwalimu wa kemia anayeweza kuchangiana gharama na wenzake ainunue. Anayekusudia kufuatilia seli zikiwa hai aulizie nukta za shaba, indiamu na salfa zenye gamba la zinki salfaidi, ambazo nazo hutengenezwa majini kwa glutathaioni, molekuli ndogo ambayo hata seli zenyewe huwa nayo. Mwanga wa kila nukta umetawanyika kwenye rangi nyingi zaidi, kwa hiyo kutenganisha mbili kwenye picha moja ni kazi, lakini hazina kadimiamu.