Kibali cha kuuza pombe dukani Los Angeles: kaunta nzuri, barua ngumu

Mtanzania akisikia neno "grosari" anaona viti vya plastiki, bia baridi na watu wanaokunywa pale pale. Los Angeles neno hilo lina maana nyingine: duka la unga, maziwa na mboga, ambalo likiruhusiwa linaweka pia friji ya bia na rafu ya mvinyo kwa mteja anayekwenda kunywea kwake. Kwa hiyo anayetaka kufungua duka la unga wa ugali na majani ya chai, kisha aongeze pombe kidogo ili kodi ya pango ilipike, asidhani leseni ya biashara inatosha. Tunayoitathmini hapa ni huduma ya kibali cha matumizi ya ardhi yenye masharti, kinachotolewa na Idara ya Mipango ya Jiji la Los Angeles, pamoja na sehemu ya jimbo inayokwenda nacho sambamba.

Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Ramani na kumbukumbu zake ni za hali ya juu na ngazi za uamuzi zinaeleweka. Nyota mbili zimepotelea kwenye barua ya masharti, yaani barua ya uamuzi ya jiji. Barua hii hukusanywa kutoka kwenye maneno ya kawaida yaliyokwisha kuandikwa, na mwombaji asipoomba yarekebishwe yaendane na duka lake, atayabeba jinsi yalivyo. Yeye na kila atakayemfuata, kwa sababu kibali hiki kinakaa na ardhi, hakikai na mtu.

Tuanze na pale wengi wanapochanganya. Karatasi ni mbili. Idara ya Udhibiti wa Vileo ya California, ambayo kila mtu anaiita ABC, ndiyo inayotoa leseni ya kuuza. Aina ya 20 ni ya bia na mvinyo, Aina ya 21 inaongeza pombe kali, na zote mbili ni za kuuza chupa iliyofungwa. Jiji kwa upande wake linatoa ruhusa ya kutumia jengo lile kwa kazi ile. Moja haichukui nafasi ya nyingine, na kila moja inaweza kuja na masharti yake. Yakipishana, linalobana zaidi ndilo la kufuata: jiji likisema mwisho wa kuuza ni saa 5 usiku, haisaidii kitu kwamba sheria ya jimbo inaruhusu kuuza kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 usiku.

Leseni za Aina ya 21 zina ukomo wa moja kwa kila wakazi 2,500 wa kaunti, na utoaji wa leseni mpya za Aina ya 20 husimamishwa pale uwiano huo unapopitwa. Ndiyo maana mara nyingi leseni inanunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuwa nayo. Pesa ya ununuzi lazima ishikwe na mtu wa tatu mpaka ABC iidhinishe uhamisho, na taarifa ya uhamisho isajiliwe kwa msajili wa kaunti. Usimkabidhi muuzaji fedha mkononi, hata kama mnafahamiana. Anayenunua duka ambalo bado linafanya kazi anaweza kuomba kibali cha muda cha siku 120 ili biashara isifungwe wakati leseni inashughulikiwa.

Sasa sehemu bora ya huduma yote, nayo ni bure: ZIMAS, ramani ya jiji iliyo kwenye intaneti. Andika anwani ya jengo, utaona ukanda wa ardhi, namba ya eneo la sensa, na, hili ndilo la thamani, namba za mashauri ya zamani ya kiwanja hicho. Tafuta namba zenye herufi CUB. Hizo ndizo za vibali vya pombe. Fungua barua ya uamuzi uisome yote kabla ya kutia saini mkataba wa pango. Huenda jengo tayari lina kibali, jambo linalokuokolea miezi. Huenda pia kina sharti linaloua mpango wako, na mwenye nyumba hakulitaja.

Baada ya hapo ni vipimo. Jiji linataka ramani ya mzingo wa futi 500, yaani kama mita 150, pamoja na orodha ya wamiliki na wakazi waliomo, ambao watatumiwa taarifa ya kikao cha kusikiliza ombi. ABC nayo ina vipimo vyake. Inaweza kukataa leseni ikiwa kuna shule au uwanja wa watoto ndani ya futi 600. Halafu kuna kipimo kinachosahaulika kuliko vyote: futi 100, mita 30 tu, kwenda kwenye makazi ya watu. Hicho hakipimwi kutoka kwenye jengo peke yake. Maegesho ya wateja yanahesabiwa pia. Duka linaweza kuwa mbali na nyumba huku kona ya maegesho yake ikigusa ua wa jirani, na hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba jirani hatasumbuliwa utulivu wake unamwangukia mwombaji. Chora maegesho kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, na uonyeshe taa zinaelekea wapi na malori ya mzigo yanashusha saa ngapi.

Mchoro wa ndani ya duka, fomu ABC-257, unaangusha watu kwa uzembe mdogo. Ukichora friji ya bia ukuta wa nyuma, halafu fundi akaiweka karibu na mlango kwa sababu soketi iko hapo, mkaguzi atakuta duka lisilofanana na karatasi. Pima urefu wa kila rafu ya pombe, andika, na uhakikishe mchoro uliopelekwa jijini na ule wa ABC ni mmoja.

Ikiwa eneo la sensa lina leseni nyingi kupita wastani wa kaunti, au matukio ya uhalifu ya eneo la polisi yamezidi wastani kwa asilimia 20, linaibuka swali la pili: je, duka hili linahitajika kwa manufaa ya umma? Kwa maduka ya vyakula jibu linatolewa na serikali ya mtaa, ambayo Los Angeles maana yake ni Baraza la Jiji, nayo ina siku 90. Siku zikipita bila jibu, mwombaji anaweza kupeleka hoja zake moja kwa moja ABC. Wengi hapa wanaandika kwamba duka litaleta ajira. Hoja hiyo haina uzito. Yenye uzito ni ile inayopimika: mita ngapi za mboga na matunda mabichi, ni asilimia ngapi ya rafu ndiyo pombe, na mkazi wa mtaa ule anatembea umbali gani leo kupata nyama na maziwa.

Anayeona ukali huu ni usumbufu mtupu akumbuke ulikotoka. Katika ghasia zilizolikumba jiji hili mwaka 1992, maduka mengi ya pombe ya kusini mwa jiji yaliteketea, na wakazi wakapinga yasijengwe upya jinsi yalivyokuwa. Moja ya sauti kubwa ilikuwa Community Coalition, jumuiya ya wakazi iliyoanzishwa mwaka 1990 na Karen Bass, ambaye Desemba 2022 aliingia madarakani kama meya wa jiji hilohilo. Oakland, kaskazini mwa jimbo, ilipitisha mwaka 1993 sheria iliyoyawekea viwango hata maduka yaliyokuwa yanauza kabla masharti hayajakuwepo. Majirani wanaokuja kikaoni wanaijua historia hii vizuri, na wana haki ya kuja. Kwa hiyo nenda kwa baraza la kitongoji mapema. Kauli yao haifungi mkono wa mwamuzi, lakini barua yao ya kuunga mkono husomwa.

Kikao chenyewe ni kifupi. Uamuzi huja kwa barua, na kuna siku 15 za kukata rufaa. Baada ya hapo maneno yameganda.

Hapa ndipo tunapomsihi mwombaji atumie nguvu zake zote, kwa sababu neno moja linabadilisha friji nzima. Chukua sharti la ukubwa wa chombo. Lipo toleo linalosema bia iliyo kwenye chombo cha aunsi 16 (karibu mililita 473) au pungufu isiuzwe moja moja, iuzwe katika pakiti kama ilivyofungwa kiwandani. Lipo jingine linalokataza chombo chochote kinachozidi aunsi 16. Ukiyasoma haraka utadhani ni kitu kimoja. Kwa toleo la kwanza, kopo kubwa la aunsi 24, karibu mililita 710, linaweza kuuzwa peke yake, ila kopo la kawaida la mililita 355 haliwezi. Kwa la pili kopo kubwa limefutika dukani kabisa, na chupa ya aunsi 22 ya viwanda vidogo vya bia nayo imeondoka. Barua nyingine zina yote mawili. Na keshia anayechana pakiti ya makopo sita ili amsaidie mteja mwenye pesa ya kopo moja amevunja kibali, hata kama bei ni halali na mteja ana miaka 50.

Upande wa mvinyo kuna sharti linalokataza kilevi kinachozidi asilimia 15, isipokuwa mvinyo wa mezani uliokaa miaka 2 au zaidi. Kusudi lake ni kuzuia mvinyo wa bei rahisi ulioongezewa nguvu. Kwa duka la vyakula linaloweka chupa chache za mvinyo mtamu wa kupikia au wa sikukuu, limepita kiasi, na tunaona ni haki kuomba kipimo cha chupa kiwekwe badala yake, kwa mfano isiwe chini ya mililita 750. Omba kabla ya barua kutoka. Kubadilisha baadaye ni ombi jipya, na ada mpya.

Masharti ya uendeshaji hatuna ugomvi nayo: kamera zinazohifadhi picha siku 30, kifaa cha kukagua umri kwenye kila kaunta ya malipo, namba ya simu ya malalamiko ibandikwe mlangoni, malalamiko yajibiwe ndani ya saa 24 na yaandikwe kwenye daftari, maandishi ya ukutani yafutwe haraka. Kinachoshindikana mara nyingi ni daftari. Simu inapokelewa, tatizo linatatuliwa, hakuna anayeandika, na siku ya ukaguzi duka linaonekana halikujibu mtu. Kosa jingine huletwa na wasambazaji: wanabandika matangazo ya bia madirishani mpaka ndani hakuonekani, wakati sheria ya jimbo inaruhusu mabango yafunike asilimia 33 tu ya vioo vya madirisha na milango. Mwenye duka ndiye anayewajibika.

Mashine za kujilipia haziruhusiwi kuuza pombe California tangu 2012. Lazima pawe na mtu. Na mtu huyo asaini fomu ya karani ya ABC kabla hajauza chupa ya kwanza. Umri halali wa kununua ni miaka 21, na mtego wa polisi unakuja hivi: kijana wa chini ya miaka 20 anaingia, anachukua bia, anapanga foleni. Akiulizwa umri lazima aseme kweli, akiombwa kitambulisho anatoa cha kwake. Makarani wengi wananaswa wakiwa wamekishika mkononi wameshindwa kupiga hesabu tu; ndiyo maana kifaa cha kukagua umri kina faida. Karani hutozwa faini ya dola 250 kwa kosa la kwanza, na duka likirudia mara tatu ndani ya miezi 36 leseni inaweza kufutwa.

Jambo moja linawahusu wateja wetu hasa. Leseni ya udereva ya Kenya au Tanzania haimkingi karani akituhumiwa kumuuzia aliye chini ya umri, hata ikiwa halali na picha inafanana. Pasipoti ya nchi yoyote inamkinga. Mfundishe karani amwombe mteja pasipoti kwa adabu, na akikosa, amuuzie soda.

Kwa anayenunua duka lililopo, agiza nakala tatu kabla ya kutoa arubuni: barua ya uamuzi ya jiji, leseni ya ABC pamoja na karatasi ya masharti yake, na mchoro ulioidhinishwa. Tembea dukani na mchoro mkononi, rafu kwa rafu. Kisichofanana, muuzaji akirekebishe yeye, kwa gharama yake, pesa ikiwa bado iko kwa mtu wa tatu.