Shampeni ya Sherehe: Ununue Chupa Ngapi, na za Aina Gani

Kabla ya kuhesabu wageni, amua shampeni itafanya kazi gani kwenye sherehe yako. Kuna sherehe ambapo humiminwa mara moja tu: watu wanasimama, wanatakiana heri, wanagonganisha glasi, basi. Kuna nyingine ambapo wageni hupokewa nayo wanapowasili. Na kuna ile ambayo mwenyeji anataka inywewe tangu mwanzo hadi watu waagane. Wageni ni walewale, lakini hesabu zinapishana mno, na hapa ndipo pesa nyingi za sherehe hupotea.

Hatua inayofuata ni kuwatoa kwenye hesabu wasiokunywa pombe: watoto, wajawazito, madereva, wanaotumia dawa, ambao dini haiwaruhusu, na ambao hawaipendi tu. Tuseme umealika watu 100 na 30 kati yao hawanywi. Hesabu yako ya shampeni ni ya watu 70.

Chupa ya kawaida ina mililita 750. Ukimimina glasi kamili ya mililita 125, unapata glasi 6. Kwa kutakiana heri, mililita 75 zinatosha kabisa, kwa hiyo chupa hiyohiyo inahudumia watu 10. Watu 70 wanahitaji chupa 7. Ongeza moja ya akiba, ziwe 8. Napendekeza mpango huu kwa sherehe nyingi, kwa sababu wageni wengi hunywa mafunda mawili matatu kisha wanarudi kwenye kinywaji walichokizoea. Glasi iliyojazwa hadi juu kwa ajili ya hotuba mara nyingi huishia kumwagwa.

Kwa mapokezi ya saa moja, kadiria glasi 2 kwa kila mtu. Hizo ni glasi 140, yaani chupa 24. Ongeza akiba ya asilimia 10 upate 27, na kama duka linauza kwa katoni za chupa 6, chukua katoni 5. Ukitaka inywewe kwa saa 4, kadiria glasi 2 saa ya kwanza na moja kila saa inayofuata, jumla glasi 5 kwa mtu. Zinatoka chupa 59, na pamoja na akiba ni 65: katoni 11. Kama kuna joto kali au hakuna kinywaji kingine, watu watakunywa zaidi ya hapo. Maji yawepo kila meza.

Sasa aina. Kwa sherehe ya watu wengi, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Crémant, divai yenye mapovu kama shampeni. Inatengenezwa Ufaransa, nje ya eneo la Champagne inakotoka shampeni yenyewe, katika maeneo kama Alsace, Loire na Bourgogne. Mapovu yake hupatikana kwa njia ileile ya shampeni: divai inachachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kisha inakaa na hamira yake kwa miezi isiyopungua 9. Kwa kawaida bei yake iko chini sana ya shampeni, na wageni wengi hawatasikia upungufu wowote.

Ya pili ni Cava ya Hispania, ambayo nyingi hutoka Catalonia. Nayo huchachuka ndani ya chupa na kukaa miezi 9 au zaidi. Ni kavu, yaani haina utamu mwingi, haichoshi mdomo, na inafaa mapokezi marefu.

Shampeni yenyewe naiweka ya tatu kwa sherehe kubwa, ingawa kwa ladha ndiyo inayoongoza. Sheria inataka ikae ghalani miezi 15 angalau kabla ya kuuzwa, na ile yenye mwaka wa mavuno kwenye lebo ikae miaka 3. Muda huo ndio unaoipa ule utamu wa mkate uliookwa, na ndio unaoulipia. Inunue kwa ajili ya kutakiana heri peke yake, kisha mapokezi yahudumiwe kwa Crémant au Cava. Yenye mwaka iache kwa meza ya watu wachache watakaoketi na kuionja taratibu.

Prosecco ya Italia ni ya nne. Uchachushaji wake wa pili kwa kawaida hufanyika ndani ya tangi kubwa, si kwenye chupa, kwa hiyo ni nyepesi na ina harufu ya matunda. Ukipanga kuichanganya na juisi, ipandishe hadi ya kwanza. Kuchanganya shampeni na juisi ni kuificha ladha uliyoilipia.

Soma lebo kwa makini ujue kiwango cha utamu. Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita na inakubalika na wengi. Extra Dry, licha ya jina lake, ni tamu kuliko Brut. Demi-Sec, yenye gramu 32 hadi 50, inakwenda na keki. Brut ikinywewa na keki tamu huonekana chungu.

Kwa ukubwa, chupa ya mililita 750 ndiyo bora. Magnum ya lita 1.5 inapendeza, ila ikijaa ina uzito wa kilo 3 hivi, na mhudumu huchoka. Chupa ndogo zina gharama kubwa kwa kila glasi.

Wasiokunywa wapatie juisi ya zabibu yenye gesi, kwenye glasi zilezile nyembamba ndefu. Kwa watu 30 nunua chupa 5, maana na wanywaji wengine wataiomba.

Zipoze hadi nyuzi 8 hadi 10: saa 3 kwenye friji, au nusu saa kwenye ndoo yenye barafu iliyochanganywa na maji. Wakati wa kufungua, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa, mdomo wake ukiwa mbali na nyuso za watu. Kizibo kikifyatuka kinaweza kupofua jicho.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anapokea chupa zisizofunguliwa. Akikubali, usizitumbukize zote kwenye barafu kwa mkupuo. Zilizolowa lebo zikabanduka huenda akazikataa.