Kozi ya umeme wa majumbani, Morogoro: naipa nyota nne

Nilihitimu ualimu mwaka 2019 na hadi leo sijapangiwa kituo. Nauza vitenge sokoni. Mdogo wangu amekua akiliona hilo. Alipochaguliwa kidato cha tano akagoma kwenda, ingawa ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa 2022. "Dada, wewe ulisoma mpaka ukamaliza. Umepata nini?" Mama alilia. Mimi sikuweza kumlaumu, maana swali hilo nami hujiuliza usiku.

Alitaka bodaboda. Tukakubaliana ajaribu muhula mmoja wa chuo cha ufundi, akichoka tumwachie.

Hajachoka. Wiki ya pili tu walishaanza kushika nyaya: milimita moja na nusu za taa, mbili na nusu za soketi. Mwalimu wao mwenyewe ni fundi. Huwapeleka kwenye nyumba zinazojengwa, wakatindua kuta, wakalaza mabomba, wakavuta nyaya, mwenye nyumba kasimama pale anauliza bei. Nadhani hapo ndipo alipobadilika. Jioni moja alirudi ananieleza kwamba TANESCO hawaunganishi umeme mpaka fomu isainiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni haipatikani bila cheti. Kijana aliyeapa kutogusa daftari tena sasa anahesabu miaka: ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemshikia kiboko. Kazi ameiona kwa macho yake, na ameona njia ya kuifikia inapita darasani.

Kasoro zipo. Mita za kupimia umeme ni sita kwa wanafunzi arobaini, wengine hubaki kutazama. Testa, koleo na bisibisi mzazi ananunua, hazimo kwenye ada. Kinachoniuma zaidi ni fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini: kila mwanafunzi anajitafutia. Mwenye mjomba fundi anapata, asiye naye anazunguka na jua. Wasichana wawili wa darasa lake waliacha chuo baada ya kuzunguka mwezi mzima bila kupokelewa. Wakuu wa chuo, tafadhali, waandikieni makandarasi ninyi wenyewe, msiwaachie watoto.

Jumamosi iliyopita alibadilisha soketi ya sebuleni iliyokuwa ikitoa cheche tangu Krismasi. Alizima swichi kuu kwanza, akapima kwa testa, akaniita nije nione.