Mama wa uji wa Feri: chakula cha asubuhi kwa mwenye njaa ya kuchelewa

Pale Feri, Mtwara mjini, upande wa wanaopara samaki, kuna mama anauza uji wa ulezi, mihogo na mbaazi za nazi. Kibanda hakina kibao. Nakisifia kwa jambo moja kubwa: saa nne asubuhi chakula bado kipo, tena cha moto.

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Msimu ukifunguliwa tunaingia kazini alfajiri, na saa kumi na mbili tumbo langu halitaki kitu. Kwingine ukichelewa unakuta sufuria zinaoshwa, kwa hiyo watu tunajilazimisha kula mapema, huku tukitishwa kwamba asiyekunywa chai asubuhi atapata vidonda vya tumbo. Jamani, vidonda kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria, Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama diclofenac tunazomeza ovyo. Na habari ya kunenepa kwa kuruka chai? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikusanya majaribio 13 ya watu wazima: waliokula asubuhi ndio waliokula zaidi kwa siku, kama kalori 260. Wenyewe walionya kuwa majaribio mengi hayakuwa imara, lakini mimi yamenitosha kuacha kujilazimisha. Ukishindilia ugali saa nne usiku, asubuhi njaa itoke wapi?

Mtoto wa shule simweki humo, mpe uji kabla hajatoka. Na anayechoma insulini asiruke mlo bila kumuuliza daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla.

Turudi kwa mama.

"Shikamoo mama, uji umebaki?"

"Marahaba mwanangu. Nikutilie kikombe au nusu?"

Hiyo nusu naipenda mno. Njaa ikiwa ndogo unalipa shilingi 300, kikombe kizima ni 500. Uji ni mzito, una karanga zilizotwangwa, na ndimu anaikamulia mwishoni ukiwa umeshaepuliwa, ndiyo maana harufu yake inakufikia kabla ya kikombe. Sukari iko kwenye kopo pembeni, unajitilia mwenyewe. Mbaazi zimeiva lakini hazijapondeka, na tui zito linaingia mwisho, halikatiki. Chukua na mihogo ya kuchemsha, vipande viwili vinatosha kukufikisha mchana. Chapati ziache, zina mafuta mengi na zikipoa zinakuwa ngumu.

Kasoro zipo. Benchi ni moja, moshi wa kuni unaingia machoni upepo ukigeuka, na maji ya kunawa huisha mapema. Mama, ongeza ndoo moja ya maji, wateja tunatoka kushika samaki na magunia.

Jumapili hafungui. Nenda na chenji.