Bomba la moshi la kusimama kwenye Bedford yangu: uzoefu wa msimu mmoja

Lori lenyewe ni Bedford MJ, 4x4 iliyotengenezwa kwa kazi za jeshi, dizeli ya lita 5.4, silinda sita. Nililinunua kwa mkandarasi aliyekuwa anauza vyombo vyake. Kazi yake sasa ni kutoa mpunga majarubani, bonde la Kilombero, sehemu ambazo Fuso ikiingia inakuja kuvutwa na trekta.

Ekzosi iliyokuja nayo ilipita chini ya chasi na kutokea ubavuni. Barabarani haina neno. Shambani wakati wa mavuno, majani makavu ya mpunga yanajisokota juu ya mafla, lile kopo la kupunguza sauti ya moshi, kama kiota cha ndege. Msimu uliopita tumesimama kupakia, utingo akasema anasikia harufu. Kuchungulia chini, moshi unatoka kwenye majani, si kwenye bomba. Tulizima kwa mchanga na dumu letu la maji ya kunywa. Siku hiyo nikaamua bomba lipande juu.

Kazi niliipeleka karakana moja Morogoro, jina lake naliacha. Tulipatana laki sita na nusu, vifaa vyote juu yao, siku mbili. Zikawa tano.

Siku ya kwanza fundi alikuja na bomba la maji, lile la rangi ya fedha lililopakwa zinki. "Bosi, hili utamwachia mjukuu." Nikamwambia hapana. Zinki ukiichomelea inatoa moshi mweupe, na aliyeuvuta usiku anatetemeka kwa homa kama ana malaria. Mafundi wetu dawa yao ni maziwa: pakiti moja, kazi inaendelea. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Tukabadilisha, tukachukua bomba jeusi la kawaida, inchi tatu, unene milimita mbili. Alinuna kidogo, maana lile la kwanza alikuwa nalo stoo.

Kona alizitengeneza kwa kukata vipande vya mshazari na kuviunga kimoja kimoja, na hapo namvulia kofia. Mshono wa nje ulikuwa safi, na ndani alipitisha grinda ili vinundu visizuie moshi. Sijaona wengi wanaojisumbua na upande usioonekana.

Kosa lilikuja kwenye kulisimamisha. Wenye Bedford za kabini hii wanajua injini iko nyuma ya dereva, na unaifikia kwa vifuniko vya pembeni, nyuma ya milango. Yeye akalisimamisha bomba barabara mbele ya kifuniko kimojawapo. Limenyooka, limepakwa rangi nyeusi ya kuhimili joto, linapendeza kama la trekta jipya. Nikamuuliza, "Fundi, oili nitapimaje?" Akacheka, akachukua grinda. Hiyo ndiyo siku ya tatu na ya nne.

Wiki tatu baadaye likapasuka, na mpasuko haukuwa kwenye kona nilizozitilia shaka. Ulikuwa pale bomba linapoanza kupanda. Walilikamata chini kwenye chasi na juu kwenye kabini. Sasa fikiria lori likivuka tuta la jaruba: gurudumu la mbele kulia liko juu, la nyuma kulia limezama, chasi inajipinda, kabini inacheza kwenye mipira yake, injini nayo inatikisika kwenye ya kwake. Bomba limeshikwa na wawili wanaovutana, lazima liachie mahali. Nilirudi, na kwa haki yao hawakunidai hata senti. Safari hii tulitengeneza mhimili wa engo, chuma chenye umbo la L, uliofungwa kwenye chasi peke yake, juu bomba likaachiwa nafasi ya vidole vitatu kutoka kwenye kabini, na kati ya injini na bomba tukaweka kipande cha fleksi, yaani bomba linalopindika. Hicho nilinunua mwenyewe. Tangu hapo, msimu mzima, halijapasuka tena.

Kama unakwenda kufanyiwa kazi hii, muulize fundi kwanza atalifunga wapi. Akikujibu "tutaona", tafuta mwingine.

Nguvu haijaongezeka. Kuna watu wataapa kwamba lori linakuwa jepesi. Langu linapanda mlima vilevile, kwa gia ileile. Sauti ndiyo imesogea karibu na sikio la dereva, na mwendo mrefu inachosha. Mdomo wa bomba mwanzoni ulitazama nyuma, masizi yakawa yanachora turubai na magunia yananuka dizeli, tukaugeuza utazame pembeni. Kinga ya bati lenye matundu usikubali waiache, kwa sababu utingo akipanda bodi anashika chochote kilicho karibu. Wangu ana alama kwenye kiganja kutoka wiki ile tuliyokuwa tunaingoja.

Mvua ndiyo nililopuuza. Bomba lililo wazi juu ni mtungi, na lori likilala wiki mbili masika maji yanaweza kufika hadi kwenye injini. Tumetoboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya bomba maji yatokee, na juu sasa kuna kifuniko cha bawaba kinachoinuliwa na moshi wenyewe. Injini ikiwa sailensa, inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kinagonga tak-tak-tak mpaka jirani anajua nimeamka. Kabla ya hicho tulikuwa tunafunika kwa kopo la maziwa ya unga. Asubuhi moja utingo akasahau kulitoa, nikawasha, nikakanyaga mafuta. Kopo lilikwenda kutua juu ya mabati ya mama anayeuza chapati, na yeye akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani anampiga mawe.